Mapori ya mikaratusi na sheria inayotazama nyasi

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi wanafunzi mlioacha mechi ya jioni mkaja kusikiliza habari za nyasi: asanteni sana.

Ukitaja mkaratusi hapa kwetu, watu huwaza nguzo za umeme na ule ugomvi wa miaka yote kuhusu mti unaonyonya visima. Tunaujua ukiwa umepandwa kwa mistari, chini yake pakavu. Leo nataka tuutazame ukiwa kwao, kusini-mashariki mwa Australia, ambako wanaohitaji kulindwa na sheria ni mkaratusi wenyewe na kila kinachoota chini yake.

Kuanzia kusini mwa Queensland, kupitia New South Wales na eneo la Canberra, hadi Victoria, kulikuwa na mapori ya miti mikubwa iliyoachana, nyasi zikijaa katikati. Miti yenyewe ni hasa mikaratusi ya aina tatu: Eucalyptus albens, Eucalyptus blakelyi, na Eucalyptus melliodora ambao wafuga nyuki wanausifu kwa asali. Moja ya nyasi zake kuu ni Themeda triandra. Aliyewahi kushuka garini Serengeti au Mara huenda ameikanyaga; ni spishi ileile, ile ndefu inayogeuka rangi ya kutu ikikomaa. Kati ya mashina ya nyasi huota okidi, mimea ya jamii ya kunde na maua madogo ya kila rangi. Utajiri wa pori hili uko chini, si kwenye matawi.

Bahati mbaya, miti hii hupenda udongo mzuri. Walowezi wa karne ya 19 wakaona hapo mashamba ya ngano na malisho ya kondoo. Miti mingi waliichuna gome kuzunguka shina, ikafia imesimama. Lakini nyasi haikuuawa na shoka. Iliuawa na jembe, na baadaye na mbolea ya supafosfeti pamoja na mbegu za klova, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, na malisho mengine ya kigeni, vilivyomwagwa kwa wingi hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mimea ya asili ya pale imezoea udongo wenye fosforasi kidogo. Ukiurutubisha, mimea ya kigeni hukimbia na kuifunika. Miti mikongwe iliyobaki shambani haina warithi, maana kila mche unaochipua huliwa na kondoo. Leo kilichobaki katika hali nzuri ni chini ya asilimia 5 ya eneo la awali.

Sasa sheria. Australia ina Sheria ya Ulinzi wa Mazingira na Hifadhi ya Bioanuwai ya mwaka 1999. Sheria hiyo inaruhusu kuorodhesha jamii nzima ya mimea, yaani mimea inayoota pamoja mahali pamoja, kuwa hatarini, si mnyama huyu au ua lile peke yake. Mei 2006 mapori haya yaliingizwa kwenye daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka. Daraja lina maana kubwa hapo: jamii iliyo kwenye daraja la chini la orodha hupewa jina tu, mtu akiiharibu hawezi kushtakiwa kwa kosa hilo.

Lakini utamshtaki vipi mtu kwa kuharibu "jamii"? Tembo anahesabika. Pori linaishia wapi? Hapa ndipo kazi ya waandishi wa orodha ile inaponivutia, na naomba tuifuate hatua kwa hatua, kama tumesimama shambani.

Kwanza unauliza: mti mkuu hapa ni mmoja wa ile mitatu, au zamani ulikuwa mmoja wao? Shikeni hayo maneno "au zamani ulikuwa". Kisha unainama. Katika mimea ya kudumu iliyo chini, angalau nusu iwe ya asili. Ile ya msimu mmoja haihesabiwi, kwa sababu huja na kuondoka na mvua. Kipande kiwe na angalau hekta 0.1, yaani kama robo eka. Halafu unahesabu spishi za asili zilizo chini, nyasi ukiziweka kando. Zikifika 12, na angalau moja ikiwa katika orodha ya mimea muhimu, kipande hicho kinalindwa. Zisipofika, ipo njia ya pili: kipande kiwe na hekta 2 au zaidi, na kiwe na wastani wa miti mikubwa 20 kwa hekta au miche inayochipua yenyewe. Mti mkubwa ni ule wenye mzingo wa sentimita 125, ukipimwa sentimita 130 kutoka ardhini.

Naona kijana pale nyuma ameshaona kinachofuata. Ndiyo: uwanja usio na mti hata mmoja unaweza kulindwa kama pori, na mikaratusi mizuri ya miaka mia iliyosimama juu ya klova tupu ikakosa ulinzi huo. Wakulima wengine huona ni kichekesho. Mimi naona ni uaminifu kwa elimu ya mimea. Mti unaweza kupandwa tena. Spishi 12 za maua kwenye robo eka, hakuna duka linaloziuza.

Udhaifu uko kwingine. Anayepima kwanza ni mwenye shamba mwenyewe. Akiona kwamba atakachofanya hakitaleta athari kubwa, haombi kibali, na mara nyingi hakuna anayejua. Pia matumizi halali ya ardhi yaliyokuwa yakiendelea kabla ya tarehe 16 Julai 2000, siku sheria ilipoanza kutumika, yanaruhusiwa kuendelea bila kuongezwa. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba kati ya 2000 na 2017 zaidi ya hekta milioni 7.7 za makazi ya spishi na jamii zilizo hatarini zilifyekwa nchini humo, na asilimia 93 ya eneo hilo haikuwahi kupelekwa serikalini kukaguliwa. Mapitio huru yaliyoongozwa na Graeme Samuel mwaka 2020 yalisema wazi kwamba sheria hiyo haifanyi kazi ipasavyo.

Basi vipande vizuri vimebaki wapi? Kwenye njia za kale za kupitishia mifugo, na makaburini. Okidi moja adimu, Prasophyllum petilum, inaota katika makaburi ya kijiji cha Hall, pembeni mwa Canberra. Makaburini hakuna anayelima wala kumwaga mbolea. Sheria haikuwa na mkono hapo.

Kilichonipa moyo ni mpango wa malipo ulioanza 2007. Mwenye shamba alitaja mwenyewe bei ya kulitunza pori lake, serikali ikalinganisha na bei za wengine, ikachagua, na mikataba mingine ikafika miaka 15. Aliyelipwa alikuwa na sababu ya kuinama na kuhesabu maua badala ya kuyaficha. Mkataba una mwisho, lakini orodha ya 2006 haitazami hati ya shamba iko mikononi mwa nani: atakayelinunua kesho atakuta maua yaleyale 12 na kosa lilelile.