Kujifunza Msamiati wa Kilatini kwa Kusoma Mashairi ya Roma ya Kale

Karibu, ndugu mtazamaji. Katika video hii nitakuonyesha namna ya kujifunza maneno ya Kilatini kwa lengo moja tu, nalo ni kuyasoma mashairi ya Waroma wa kale katika lugha yake yenyewe. Sitakufundisha kuzungumza, wala kuandika barua, wala kufuata misa. Tayarisha daftari, kalamu na kadi ndogo za karatasi ngumu zipatazo hamsini, kisha ujitengee nusu saa kila siku. Ikiwa umekwisha kupitia sarufi ya mwanzo, mambo yatakuwa mepesi. Ikiwa bado, unaweza kunifuata, kwa kuwa mistari nitakayoitumia ni michache.

Hatua ya kwanza ni kuchagua shairi kabla ya kuchagua maneno. Wanafunzi wengi huanza kwa orodha ndefu, wakakariri kuanzia herufi A, na wengi hao hawaifikii herufi D. Orodha zenyewe si mbaya. Ile ya Dickinson College ya Marekani ina maneno yapatayo elfu moja yanayotumika mara nyingi zaidi, na maneno hayo hubeba takriban asilimia 70 ya maandishi ya kawaida ya Kilatini. Mimi huitazama ninapotaka kujua kama neno linastahili kuandikiwa kadi. Lakini neno lililokaririwa bila mstari wake husahaulika upesi, na hata likikumbukwa halikuambii lina kazi gani ndani ya shairi. Kwa hiyo tutaanza na Catullus, mshairi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo aliyezaliwa Verona, na shairi lake la mistari miwili tu. Lisome pamoja nami kwenye kioo:

Odi et amo. Quare id faciam, fortasse requiris?
Nescio, sed fieri sentio et excrucior.

Maana yake ni hii: “Nachukia na ninapenda. Labda wauliza kwa nini nafanya hivyo. Sijui, lakini nahisi yanatendeka, nami nateseka.” Hesabu maneno: ni kumi na manne, na manane kati yake ni vitenzi. Hamna nomino hata moja, wala kivumishi. Tazama tena “nescio”. Ni neno moja, kama “sijui” lilivyo neno moja, na ndani yake mna ukanushi, mtenda na kitendo kwa pamoja. Mzungumzaji wa Kiswahili hashangazwi na jambo hili, kwa sababu tangu utotoni amezoea neno moja kuwa sentensi kamili. Tofauti ni kwamba Kiswahili huweka mtenda mwanzoni mwa neno na Kilatini humweka mwishoni, hivyo unapaswa kulizoeza jicho lako kulifikia tamko la mwisho kabla ya kuamua maana.

Hatua ya pili ni kuandika kadi, na hapa nakuomba uwe mkali na nafsi yako. Upande wa kwanza andika neno katika maumbo yake yote ya msingi, na chini yake mstari ulikolikuta. Upande wa pili andika maana kwa Kiswahili. Kamusi kubwa za Kilatini zinazopatikana kwa urahisi zimeandikwa kwa Kiingereza, na kishawishi cha kunakili maana ya Kiingereza ni kikubwa. Ukifanya hivyo utakuwa unatafsiri mara mbili kila unaposoma, na shairi litakuchosha kabla halijakufurahisha.

Maumbo ya msingi ni yapi? Kwa nomino, andika umbo la mtenda, umbo la umiliki na jinsia. Neno la usiku ni “nox”, lakini umbo la umiliki ni “noctis”, na shina linalojitokeza kwingine kote ni “noct-”. Neno la safari ni “iter”, umiliki wake “itineris”. Aliyekariri “iter” peke yake akikutana na “itineris” atadhani ni neno geni. Kwa kitenzi, andika maumbo manne: “cano, canere, cecini, cantum”, yaani kuimba. Kipo kitenzi cha kubeba ambacho ni kiroja kweli, “fero, ferre, tuli, latum”, na kwa kuwa washairi hukitumia kila mahali, usikiahirishe.

Sasa tuingie katika jambo ambalo naliona kuwa ndilo gumu kuliko yote, nalo ni mpangilio wa maneno. Mshairi wa Kilatini anaweza kuliweka sifa mbali na nomino yake, akitegemea upatanisho uyaunganishe. Tazama mstari huu wa nne wa Aeneis, utenzi wa Vergilius wenye vitabu 12:

vi superum saevae memorem Iunonis ob iram

Tuangalie maneno matano ya mwisho. Ukiyafasiri kwa mfuatano wake, utapata “katili, isiyosahau, ya Juno, kwa sababu ya, hasira”. Katili ni nani, na kisichosahau ni nini? “Saevae” linakwenda na “Iunonis”, na “memorem” linakwenda na “iram”: kwa sababu ya hasira isiyosahau ya Juno, mungu wa kike wa Waroma, aliye katili. Wewe unazo ngeli. Nikikuambia “kile ulichoniazima jana mbele ya watu wote kitabu”, utacheka mpangilio huo, lakini hutashindwa kujua kwamba “kile” na “kitabu” ni ndugu. Tumia silaha hiyo hiyo.

Angalia, hata hivyo, kwamba miisho inayopatana si lazima ifanane kwa sauti: “saevae” huishia kwa -ae na “Iunonis” kwa -is, ingawa yote mawili ni umiliki, umoja, jinsia ya kike. Hili nalo tunalo. Twasema “kijana mrefu”, wala hatusemi “kijana kirefu”, japokuwa neno lina ki- mwanzoni. Vivyo hivyo “poeta”, yaani mshairi, lina mwisho wa -a unaoonekana kuwa wa kike, lakini sifa yake ni “magnus”, si “magna”. Ndiyo sababu nilikutaka uandike jinsia kwenye kila kadi.

Hatua inayofuata ni matamshi. Waliozoea Kilatini cha kanisani husema “chelum” kwa neno la mbingu, “caelum”. Kwa mashairi ya kale tunatumia matamshi yaliyokadiriwa kuwa ya wakati ule: c ni k daima, v ni w, na ae ni ai, kwa hiyo “kailum”. Pamoja na hayo, weka kistari juu ya kila vokali ndefu unapoandika kadi, kwa maana urefu hubadili neno. “Liber” yenye i fupi ni kitabu, yenye i ndefu ni huru. “Malum” yenye a fupi ni ovu, yenye a ndefu ni tunda la tufaha. Kistari hicho ndicho pia kitakachokuwezesha kuusikia mdundo, kwa sababu ushairi huu hauna vina. Umejengwa kwa mizani ndefu na fupi zinazopangwa kwa kanuni.

Tuuhesabu mstari mwingine wa Catullus: “Vivamus, mea Lesbia, atque amemus”, yaani “Tuishi, Lesbia wangu, na tupendane”. Mizani yake ni kumi na moja, lakini utaipata tu ukijua kwamba vokali ya mwisho wa neno humezwa na vokali inayoanza neno linalofuata: “Lesbi’ atqu’ amemus”. Na usipite bila kulitazama neno “amemus”. “Amamus” ni “twapenda”. “Amemus” ni “tupende”. A imekuwa e, kama ilivyo kwetu kabisa! Usiifanye kuwa kanuni ya jumla, kwani “vivimus”, twaishi, huwa “vivamus”, tuishi, na hapo a ndiyo inayoingia.

Kumeza huku kunatuleta kwenye inkisari. Mshairi wa Kiswahili hulifupisha neno ili mizani itoshe, na mara nyingine huchukua umbo la lahaja au la kale, akasema “mato” badala ya “macho”. Waroma walifanya hivyo hivyo. “Mi” ni “mihi”, yaani kwangu. “Superum” katika mstari ule wa Juno ni “superorum”, wa miungu ya juu. “Nosse” ni “novisse”. “Olli” ni umbo la kale la “illi”. Maumbo haya yaandikie ukurasa wake mwishoni mwa daftari. Hayazidi mengi, na yatakuokoa kupekua kamusi bure.

Kisha kuna maneno ya kishairi yenye maana ya kuazima, na hapa watu wa pwani wana bahati. Vergilius anapotaja jahazi, mara nyingi hasemi “navis” bali hutaja sehemu yake: “puppis”, ambayo ni tezi, au “carina”, ambayo ni mkuku. Tanga ni “velum”, kasia ni “remus”, mlingoti ni “malus” yenye a ndefu. Bahari nayo ina majina mengi: “mare”, “pontus”, “aequor” ambalo asili yake ni uso ulio sawa, “altum” ambalo ni kilindi, na hata “sal”, yaani chumvi. Katika mstari wa 35 wa kitabu cha kwanza, mabaharia wa Troia wanatweka matanga kwa furaha na kulipasua “povu la chumvi kwa shaba”. Chumvi ni bahari, na shaba ni omo lililofunikwa kwa madini hayo. Kwenye kadi za namna hii andika maana mbili, ya asili kwanza, ya kuazima chini yake, usije ukaipoteza picha.

Kurudia ni jambo jepesi kueleza. Kadi mpya itazame kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Ukikosea, irudishe kwenye fungu la kesho. Programu ya Anki huyafanya haya yenyewe, ila mimi hupendelea karatasi, kwa kuwa mkono ulioandika husaidia kukumbuka. Kadi kumi kwa siku zinatosha.

Zoezi lako la leo ni mistari hii mitatu, wa nne hadi wa sita wa shairi la Lesbia:

soles occidere et redire possunt;
nobis cum semel occidit brevis lux,
nox est perpetua una dormienda.

“Majua yaweza kuchwa na kurudi; sisi, mwanga wetu mfupi ukishachwa mara moja, ni usiku mmoja usiokoma wa kulala.” Angalia “lux” linavyofunga mstari na “nox” linavyofungua unaofuata. Kuhusu “occidit”, kamusi itakupa vitenzi viwili, kimoja cha kuchwa chenye i fupi katikati, kingine cha kuua chenye i ndefu. Mizani ya saba ya mstari wa namna hii ni lazima iwe fupi. Hesabu kwa kidole, nawe utajua mwenyewe ni kipi. Simamisha video sasa, andika kadi zako, na usiuguse mstari wa saba mpaka mitatu hii uweze kuisema bila kutazama. Huo wa saba ndio unaoomba “basia mille”, mabusu elfu moja, na nadhani neno “basia” halitahitaji kadi.