Kijiwe cha Mnara wa Saa: Sanduku la Eli

UPENDO: Karibuni kijiweni, Arusha. Leo tunaongelea Biennale ya Venice, maonesho makubwa ya sanaa kule Italia, na tumewaandalia mambo matatu kwa msanii anayetaka kufika huko. Ila kaka Eli kaingia kanuna.

ELI: Sijanuna, dada. Nimechoshwa na sanduku.

UPENDO: Haya, toa.

ELI: Mteja wangu yuko Padova, Italia, kanunua picha mbili kubwa za tingatinga, za kwenye hadibodi. Fundi wa Unga Limited akanigongea sanduku la mbao za paini, ndani kaweka godoro. Nimelifikisha kwa wakala wa mizigo, jamaa picha hata hakuziangalia. Akalizunguka, akainama, akauliza: "Muhuri uko wapi?"

UPENDO: Muhuri wa nini tena?

ELI: Wa kupasha mbao joto! Moyo wa ubao ufike nyuzi 56 kwa dakika 30, wadudu wafe, ndipo igongwe alama.

UPENDO: Kumbe hata dumuzi anatafutiwa viza!

ELI: Fundi kaniambia, "Lete, nilibabue kidogo kwa moto."

UPENDO: (anacheka) Usiniambie ulikubali.

ELI: Nimehamia plaiwudi. Hiyo haidaiwi muhuri, imeshapikwa kiwandani na gundi. Lakini fremu ya ndani ni mbao, kwa hiyo tumerudi palepale.

UPENDO: Mngetuma mkeka. Uganda mwaka 2022, mara yao ya kwanza Venice, Acaye Kerunen alipeleka kazi za kusuka, na banda lao, yaani sehemu ya maonesho ya nchi yao, waamuzi wakalitaja kwa heshima.

ELI: Mkeka unakunjwa! Na Angola je? Mwaka 2013 Edson Chagas aliweka mabunda ya picha za Luanda, mgeni anachukua yake anaondoka nayo. Wakabeba Simba wa Dhahabu, tuzo ya banda bora. Hapo sanduku la kurudishia kazi la nini?

UPENDO: Tuliseme na hili banda lenyewe, maana kuna wanaodhani ni kama la Nane Nane pale Njiro, unapewa namba yako unapanga mahindi. Maonesho yalianza mwaka 1895, na Ubelgiji ikajenga banda lake mwaka 1907. Pale bustanini, Giardini, nchi ya Afrika yenye jengo lake ni Misri peke yake. Wengine wengi tunapanga vyumba mjini, na kodi ya Venice unaijua.

ELI: Siijui, ila naijua bei ya plaiwudi.

UPENDO: Acha sanduku! Sisi Tanzania tumeingia mwaka 2024, msimamizi wa maonesho Mtaliano. Hapo ndipo ninapouliza: bendera ni ya nani? Kenya mwaka 2013 banda lao lilijaa wasanii wa China. Mwaka 2015 orodha ikaja vilevile, wasanii wa Nairobi wakapiga kelele mpaka serikali ikajitenga nayo.

ELI: Usituchanganye na Kenya. Kwetu Lute Mwakisopile alikuwamo, msanii wetu.

UPENDO: Sijasema hakuwamo. Nasema jina la nchi lisimamiwe na nchi. Wizara itoe fedha, wachoraji wa Mto wa Mbu nao wajue dirisha la kuomba linafunguliwa lini. Kama haiwezi, msanii aende kwa jina lake mwenyewe, jina la taifa libaki nyumbani.

ELI: Akisubiri bajeti atazeeka na brashi mkononi. Mlango umefunguliwa na Mtaliano? Ingia!

UPENDO: Na aliyefungua ndiye anayechagua nani aingie.

ELI: Hata wizara ingechagua. Mwaka 2024 Uholanzi iliwapa banda lake wasanii wa mashambani Lusanga, Kongo, wakapeleka sanamu za kakao na mawese. Wakatae kwa sababu mwenye nyumba ni Mholanzi?

UPENDO: Pale mlangoni paliandikwa Uholanzi! Mwenye jina ndiye aliyelipa. Umenisaidia.

ELI: Sijakusaidia chochote. Kazi ya Wakongo imeonekana, basi.

UPENDO: Kuonekana kwa jina la nani?

ELI: Kwa jina lao!

UPENDO: Hatuelewani, Eli. Dakika mbili zimebaki na yale mambo matatu hatujagusa.

ELI: La kwanza, muhuri...

UPENDO: La kwanza, nani analipa.

ELI: Tulikubaliana la kwanza ni usafirishaji!

UPENDO: Wenye studio wanabisha hodi, wana kwaya saa hii.

ELI: Wasubiri kidogo, nimjibu dada kuhusu bendera.

UPENDO: Hujibu, unarudia tu. Zima hiyo.