Paka wa Mama anachomwa insulini, saa moja na saa moja

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Leo hamnioni kwenye kile chumba changu cha Leeds, Uingereza. Hapa ni kibarazani kwa Mama, Pasua, Moshi. Mlima umejifunika tangu asubuhi, kwa hiyo huo sitawaonyesha. Nitakayewaonyesha ni huyu hapa chini ya kiti. Anaitwa Mgeni, na ana kisukari. Sasa hivi ni saa kumi na mbili na nusu jioni, na ikifika saa moja Mama atamchoma sindano ya insulini. Kamera nitaiacha iwake mpaka hapo, maana tangu niliporusha picha yake mmeniuliza maswali mengi, na mengine yaliniuma.

Mgeni hakuzaliwa hapa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikaa wapangaji, wakahama mwezi wa kumi. Walipakia makochi, wakapakia kuku, paka wakamwacha. Akawa anashinda pale getini anawasubiri. Mama akaanza kumpelekea ugali na mchuzi, siku ya tatu akamfuata mpaka huku, na kwa kuwa aliingia bila hodi akapewa jina la Mgeni. Haya yote nilikuwa nasimuliwa kwa simu. Mama anafurahi kabisa: "Huyu mgeni wangu anakula huyu! Na maji anakunywa kama ng'ombe. Ila hanenepi, sijui kwa nini."

Mimi kule Leeds nikakaa kitandani.

Wengi wenu mnajua kazi yangu kule ni kuhudumia wazee majumbani. Bibi wa kwanza niliyepangiwa alikuwa na paka mwenye kisukari, na mikono yake bibi ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo nikafundishwa mimi kumchoma. Nilifanya hivyo miaka miwili. Na kabla ya hapo, mnaotufahamu mnakumbuka, tulikuwa na Mjomba. Mjomba alikunywa maji mwaka mzima, tukasema ni joto la Moshi. Akakonda, tukasema ni mawazo. Alipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umeshaharibika. Basi nikisikia kiumbe anakula sana, anakunywa sana, anakojoa sana na bado anakonda, siwezi kunyamaza, awe mtu awe paka. Sukari inabaki kwenye damu, mwilini haiingii, ikizidi inamwagika kwenye mkojo na inaondoka na maji. Ndiyo maana anashinda kwenye ndoo.

Nilifika tarehe 9 Desemba. Nikamkuta pale kwenye karo analamba maji ya bomba, mifupa ya mgongo unaihesabu. Kilichonitisha zaidi ni miguu ya nyuma. Paka hutembea kwa vidole, kisigino kinakaa juu. Mgeni alikuwa analaza mguu wote chini mpaka kisigino, kama sungura. Sukari ilikuwa imeshagusa mishipa ya fahamu. Dirishani alikuwa anapaangalia tu, hapandi.

Mtaalamu wa kwanza tuliyempelekea alitupatia dawa ya minyoo bila kumpima chochote, tukapoteza siku sita. Wa pili ni daktari wa mifugo ambaye kila siku yuko kwenye ng'ombe na nguruwe, lakini alitusikiliza mpaka mwisho. Alimtoa tone la damu pembeni mwa sikio, akaweka kwenye mashine ya sukari hizihizi za watu. Ikasoma 24.6, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Paka mzima anacheza kwenye 4 mpaka 8 hivi. Halafu akatuambia jambo zuri sana: paka akiogopa, sukari inapanda yenyewe, kwa hiyo namba moja ya kliniki haitoshi. Akapima na mkojo. Sukari ipo, ketoni hazipo. Tukashukuru Mungu, kwa sababu ketoni zikiwepo maana yake mwili umeanza kuunguza mafuta yake wenyewe, na paka wa namna hiyo akianza kutapika na kukataa chakula anaweza kufa ndani ya siku chache. Siku hiyohiyo akapata na chanjo ya kichaa cha mbwa. Msiokote paka mkairuka hiyo.

Sasa chakula, maana hapa ndipo kwetu tunapokosea wote. Paka ni mla nyama. Sisi tunampa ugali, wali, ukoko, chapati ya jana, halafu tunasema paka wetu mnene ana afya. Unene ndiyo njia kubwa ya kisukari kwa paka, hasa dume aliyehasiwa, mwenye umri, anayelala kutwa. Mgeni alipunguziwa ugali mpaka ukaisha. Sasa anakula dagaa wa Mwanza waliolowekwa na kuchemshwa bila chumvi, moyo wa ng'ombe, maini ya kuku kidogo, na mapupu. Muuza nyama wa Mbuyuni anamjua. Mama akifika tu anaulizwa, "Mama, za Mgeni kilo ngapi?" Moyo msiuache, una kitu kinaitwa taurini ambacho paka akikikosa anaharibikiwa macho na moyo wake. Ila ukishaanza insulini usibadilishe chakula ghafla bila kumwambia daktari, kwa sababu wanga ukiondoka sukari inashuka, na dozi ya jana inaweza kuwa kubwa leo. Kuna paka ambao wakitunzwa hivi mapema wanafika mahali insulini inaachwa kabisa. Namwombea Mgeni hilo, sijamwahidi mtu.

Insulini yenyewe tunatumia glajini, ya watu, ile ya yuniti 100 kwa kila mililita. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna insulini za wanyama zenye yuniti 40 kwa mililita, na zina mabomba yake ya sindano. Ukichukua bomba la 40 ukavutia insulini ya 100, utasoma 2 na kumbe umechoma 5. Bomba na chupa lazima viongee lugha moja. Sisi tuna yale madogo ya mililita 0.3 yenye mistari ya nusu yuniti. Daktari alimwanzishia yuniti 1 kila baada ya saa 12, ikapanda 1 na nusu, sasa ni 2. Anayepandisha ni daktari, sisi tunampelekea namba.

Umeme je? Mliuliza, na mna haki, wiki iliyopita ulikatika tangu asubuhi mpaka usiku. Chupa ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, mbali na barafu, maana ikiganda imekufa. Iliyofunguliwa inavumilia nje siku 28 mradi joto lisipite 30, na Moshi Januari hii mnaijua. Mama akaleta mtungi wake wa zamani. Mchanga mbichi chini, bakuli kavu lenye mfuniko ndani yake, insulini humo, kitambaa chenye maji juu, mtungi uko kwenye pembe ya jikoni isiyopigwa na jua. Weka mkono pale ndani, utausikia ubaridi. Hilo sikufundishwa Leeds.

Nataka kuwaambia usiku wa tarehe 28, kwa sababu sitaki mtu adhani tumefika hapa bila kukosea. Saa moja jioni mdogo wangu alimchoma Mgeni, akatoka kwenda kwa rafiki zake. Mama alikuwa bafuni, hakujua. Alipotoka, saa moja na robo, akamlisha kidogo, akamchoma tena. Saa tano usiku nikasikia kitu kinagonga kabati. Ni Mgeni, anayumba, kichwa kinaning'inia, macho makubwa hayaniangalii. Nikapima: 2.6. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kuliko ya yule bibi. Mama akakimbilia asali, ile ya Kibosho iliyoletwa ya sikukuu, nikampaka kwa kidole kwenye fizi, kidogo kidogo, simimini mdomoni asije akapaliwa. Baada ya dakika kumi 3.4. Tukampaka tena. Alipoweza kumeza vizuri tukampa chakula, tukampigia daktari, akapokea, Mungu ambariki. Tulikaa na Mgeni kwenye kanga ya Mama sakafuni mpaka saa tisa, tukimpima. Mama hakusema neno usiku ule. Asubuhi nilimkuta anatoboa daftari kwa msumari, akalifunga kamba pamoja na kalamu, akalitundika kwenye friji. Kuanzia siku hiyo hakuna anayegusa sindano kabla ya kusoma daftari, na aliyechoma anaandika hapohapo. Na kama huna uhakika dawa imeingia au imemwagika kwenye manyoya, usirudie. Subiri zamu inayofuata. Sukari ya juu kwa saa chache mwili unaistahimili, ya chini inaweza kuua usiku huohuo.

Kuna dada aliniandikia, "Watu wanakosa insulini, nyie mnampa paka." Dada yangu, hilo neno nililala nalo. Mimi nimemzika Mjomba. Tunanunua kichupa cha insulini cha mililita 3 kwenye duka la dawa, kina yuniti 300, Mgeni anatumia 4 kwa siku, na hatujamtoa mtu kwenye foleni. Lakini kuna kitu hukukiona kwenye picha. Mama hakuwahi kuwa na mashine ya sukari ndani ya nyumba hii, hata Mjomba alipokuwa hai. Imeingia kwa ajili ya paka. Sasa Jumapili watu wakitoka kanisani wanapita hapa, wanasema tumekuja kumwona Mgeni, halafu wananyoosha kidole. Kila mtu na kisindano chake kipya. Wawili wamekutwa juu, wakaenda hospitali, mmoja ni kijana wa bodaboda hajafika hata miaka thelathini. Siwezi kumwonea haya paka huyu.

Hiyo ni adhana. Msikiti uko nyuma ya ile miembe. Mama ni Mlutheri na kengele ya simu ameshindwa kuizoea, lakini adhana ya magharibi haimpiti, ndiyo inayomkumbusha sindano, na huku kwetu saa ya jua kuzama haibadiliki sana mwaka mzima. Kule Leeds Desemba ni giza saa kumi jioni.

Mama, njoo, tuko tayari. Miwani hiyo hapo. Jamani, Alhamisi nasafiri, na tangu ule usiku wa tarehe 28 Mama amekuwa akimchoma Mgeni huku mkono wangu ukiwa juu ya wake. Leo nimeshika kamera. Tumefanya mazoezi wiki nzima kwa maji na chungwa.

Ameanza na daftari. Vizuri. Sasa bakuli. "Kula, baba, kula." Mnaona, anasubiri kwanza ale, maana asiyekula hachomwi mpaka daktari aulizwe. Anavuta dawa, anaipandisha kwenye mwanga… kuna kipovu, Mama. Gonga. Sawa. Mstari wa 2. Anainua ngozi pale ubavuni, si mahali pa asubuhi, inakaa kama kibanda kidogo, sindano inaingia chini yake. Anasukuma taratibu. Anahesabu tano. Ametoa. Anapapasa manyoya, ananusa kidole: pakavu, hapanuki dawa.

Mgeni hata hajainua kichwa, bado yuko kwenye dagaa.

Sogea, Mama, niwaonyeshe mwandiko wako. "Saa 1:04 jioni. 2. Amekula wote. Nimechoma mwenyewe."