Nani anatusimulia hapa? Namna ya kuitambua nafsi ya msimulizi kwenye hadithi

Asalaam aleikum wanafunzi wangu, na nyinyi wazee mnaokaa na watoto jioni kuwasomesha, karibuni. Leo tuna kazi moja tu: umepewa kipande cha hadithi, unaulizwa kimesimuliwa kwa nafsi ipi, ya kwanza (mimi, sisi), ya pili (wewe, nyinyi) au ya tatu (yeye, wao), na wewe ujibu kwa ushahidi, usibahatishe. Chukua penseli na kitabu chochote cha hadithi mnachosoma skuli. Mie nitatumia vipande nilivyoviandika mwenyewe, vitatokea hapa kwenye skrini, na kila nikisema simama basi simamisha video kweli ufanye kwanza, usikae kunisubiri nikujibie.

Kabla hatujaanza tukubaliane kitu. Mwandishi ni mtu, jina lake liko juu ya jalada, anaishi Chake au Makunduchi au popote pale. Msimulizi ni sauti aliyoitunga huyo mwandishi ili itupe hadithi. Bibi wa miaka sabini anaweza kuandika hadithi inayosimuliwa na mtoto wa darasa la tano, na mwengine akamfanya paka wa Darajani ndo asimulie, au ngalawa iliyolala pwani, na yote ni sawa. Kwa hivyo ukiandika kwenye mtihani "mwandishi alikimbia kuokota karafuu" hapo ushaharibu, aliyekimbia ni msimulizi, mwandishi kakaa kwake anakunywa chai.

Haya, kipande cha kwanza hiki hapa, nakisoma:

"Mvua ilianza kudondoka na karafuu zetu zote ziko juu ya majamvi. Babu alinitupia gunia. 'Mimi nakusanya huku, wewe Faki kusanya kule!' Nikaanza kuzoa kwa mikono miwili. Bibi alikuwa mlangoni kakunja uso, sijui aliikasirikia mvua au alinikasirikia mie, niliyeambiwa niangalie mawingu nikaenda kucheza mpira."

Hatua ya kwanza, kabla ya kutafuta chochote, kata maneno yote yaliyomo ndani ya alama za mtajo. Pitisha mstari mwepesi wa penseli juu yake, kama kitabu ni cha skuli funika kwa kidole tu usije ukatozwa. Kwa nini tunakata? Kwa sababu ndani ya alama zile wanasema wahusika, na mhusika yeyote akifungua mdomo atasema mimi, hata kwenye hadithi ya nafsi ya tatu tupu. Watoto wengi wanaponzwa hapa hapa, anaona "mimi nakusanya huku" anakimbilia kuandika nafsi ya kwanza, na lile neno ni la babu, halina uhusiano na anayetusimulia. Bahati nzuri kwenye kipande hiki jibu lingekuja lile lile, lakini ushahidi wake ungekuwa mbovu na mwalimu anayesahihisha vizuri hakupi maksi zote.

Hatua ya pili ndo yenye kazi, kwa hivyo tukae hapa kidogo. Usitafute neno mimi. Kiswahili hakilazimishwi kulisema, nafsi tunaipachika kwenye kitenzi, unaweza ukasoma kurasa kumi za mtu anayejisimulia na usilione neno mimi hata mara moja. Tafuta vitenzi, uangalie kichwa cha kila kitenzi. Ukikuta ni- au tu- hapo una nafsi ya kwanza: nikaanza, niliyeambiwa, tulikimbia. Ukikuta a- au wa- ni nafsi ya tatu: alikuwa, walikimbia. Ukikuta u- au m- ya kumwambia mtu, unakimbia, mnakimbia, hiyo ya pili. Na vikanushi usivisahau, maana vinabadilisha sura: si- ni mimi, hatu- ni sisi, ha- ni yeye, hawa- ni wao. Kwenye kipande chetu lile neno sijui ni ushahidi mzuri kabisa na watu wanalipita.

Simama hapo. Pigia mstari kila kitenzi halafu zungushia kichwa chake.

Tayari? Sasa angalia "Babu alinitupia gunia". Kichwa ni a-, anayetupa ni babu, nafsi ya tatu. Lakini ingia katikati ya neno, a-li-NI-tupia. Ile -ni- ndo aliyetupiwa, na aliyetupiwa ni huyo huyo anayetusimulia! Hivi ndivyo msimulizi anavyojificha, sentensi inaonekana ya mtu mwengine kumbe yeye yumo ndani yake. Alinikasirikia vile vile. Na "karafuu zetu", ile -etu ni yake, angekuwa hayumo angesema karafuu zao. Basi pekua sehemu tatu: kichwa cha kitenzi, katikati ya kitenzi, na maneno ya kumiliki kama yangu, zetu, kwetu. Ukipata hata moja nje ya alama za mtajo, msimulizi yumo ndani ya hadithi, nafsi ya kwanza, umemaliza.

Kuna mitego midogo midogo. "Faki ni mtoto wa Konde", hiyo "ni" iliyosimama peke yake haina nafsi yoyote. Mlangoni, sokoni, nyumbani, ile -ni ya mwisho ni ya mahali. "Mti umeanguka" una u- lakini hakuna anayeambiwa wewe, huo ni mti tu. "Mvua ilianza" ukiiona iache, mvua itanyesha kwa i- kwenye nafsi zote. Na kuna hii hu- ya mazoea, "huenda pwani kila asubuhi", huenda nani? Hapo inaweza kuwa mimi, wewe, wao, kitenzi chenyewe hakisemi, kwa hivyo waulize majirani zake, sentensi ya kabla na ya baada. Halafu sisi wa visiwani tuna yetu, "kakunja uso", "kaja", "kakaa", ile ka- ya mbele ni yeye, sawa na amekunja, amekuja, amekaa, kama bibi zetu wanavyoanza, paukwa pakawa, kaondokea chenjagaa kajenga nyumba kakaa. Usiichanganye na ka ya nikaanza, pale ka imekuja nyuma, mbele yake iko ni-, na anayehesabiwa ni wa mbele.

Nafsi ya pili sitakaa nayo sana, kwenye hadithi ni adimu. Inakuwa hivi: "Unasikia tone la kwanza mgongoni. Unayatazama majamvi. Unakimbia." Msimulizi anakufanya wewe ndo mhusika. Ila angalia, msimulizi akikugeukia mara moja tu, "wewe msomaji usicheke", hadithi haijageuka ya nafsi ya pili, kakusemesha tu akaendelea na safari yake.

Hatua ya tatu ni ya pale ulipokosa mimi wote na kubakia na a- na wa- tu. Watoto wengi wanaandika "nafsi ya tatu" wanafunga kalamu, na swali la madarasa ya juu linataka zaidi ya hapo. Linataka ujue huyu msimulizi kaingia vichwani mwa nani. Sikiliza mvua ile ile, nyumba ile ile:

"Mvua ilianza kudondoka na karafuu zote ziko juu ya majamvi. Faki alidaka gunia alilotupiwa na babu yake, akaanza kuzoa. Alijua kosa ni lake. Alimtupia jicho bibi yake pale mlangoni, kakunja uso, akajiuliza kama kashajua kuwa alikuwa uwanjani muda wote ule."

Sasa tafuta vitenzi vya ndani ya kichwa, alijua, alijiuliza, aliwaza, alitamani, alikumbuka, aliogopa. Andika pembeni ni vya nani. Hapa alijua ni ya Faki, akajiuliza ni ya Faki. Bibi tunamuona kwa nje tu, uso kaukunja, kwa nini kaukunja hatuambiwi, tunabahatisha pamoja na Faki. Kichwa kimoja, basi ni nafsi ya tatu yenye mipaka.

Kipande cha tatu:

"Faki alizoa karafuu huku akiomba bibi asije akauliza. Bibi wala hakuwa na habari naye, alikuwa akiwaza deni la dukani alilotegemea kulilipa kwa karafuu zile. Babu alishajua tangu mchana kuwa mjukuu wake yuko uwanjani, ila alinyamaza, alikumbuka na yeye alivyokuwa umri ule."

Simama, hesabu vichwa.

Vitatu. Msimulizi anajua siri ya Faki, anajua deni la bibi, anajua na babu anachokificha, na wenyewe kwa wenyewe hawajuani. Huyu anaitwa msimulizi maizi, mwengine atamwita mjuzi wa yote, wewe tumia jina analotumia mwalimu wako. Mie binafsi kipande hiki nakipenda kuliko vyengine kwa sababu unamuonea huruma Faki na huku unamcheka, anaogopa bure masikini, na huwezi kuyapata yale mawili kwa pamoja ukiwa umefungiwa kichwani mwake.

Na cha nne kifupi: "Mzee alimtupia kijana gunia. Kijana alizoa. Mwanamke alisimama mlangoni, kakunja uso. Hakuna aliyesema kitu." Vichwa sufuri. Tunaona na kusikia tu, hata majina hatukupewa, msimulizi wa nje huyo. Hapa pana mtego mmoja mzuri: "alionekana kukasirika" haikuingiza kichwani mwa mtu, ni kuangaliwa kwa nje. "Alikasirika" peke yake ina utata, pengine msimulizi kaona mishipa ya shingo tu. Lakini "alikasirika kimoyomoyo", hapo kaingia ndani. Ukipata neno lenye utata usilitegemee, tafuta jengine lenye nguvu zaidi.

Hatua ya nne ni jaribio, na ukilifanya mara kwa mara utaona hata darasani unakuwa wa mwanzo kunyanyua mkono. Chukua kipande ukibadilishe nafsi uone wapi pananasa. Cha pili kigeuze nafsi ya kwanza: nilidaka gunia, nikaanza kuzoa, nilijua kosa ni langu, nikajiuliza. Kinapita chote vizuri, hakuna kilichokwama, hii inakuhakikishia tulikuwa kichwani mwa Faki peke yake. Sasa kigeuze cha tatu. Nilizoa karafuu huku nikiomba bibi asije akauliza, sawa, bibi wala hakuwa na habari na mimi, alikuwa akiwaza deni... ngoja, umejuaje? Mtoto anayezoa karafuu kwenye mvua ataujuaje moyo wa bibi aliye mlangoni? Hapo pamenasa. Aa, akiwa anasimulia mtu mzima akasema "baadae sana bibi mwenyewe ndo alinambia", hapo tunamkubalia, maana msimulizi wa nafsi ya kwanza anaweza kujua leo asichokijua siku ile. Bila ya kisababu kama hicho hatumkubalii.

Ukishajua, uandike. Jibu zuri lina vitu vitatu na nataka uviandike kwa mfuatano: nafsi gani, maneno gani yamekuonyesha, na msomaji anapata nini au ananyimwa nini. Kwa kipande cha kwanza mie ningeandika hivi: "Hadithi imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Vitenzi nikaanza na sijui, na kiambishi -ni- katika alinitupia, vinaonyesha msimulizi ni Faki mwenyewe. Kwa hivyo tunaijua hofu yake, lakini hasira ya bibi hatujui imeelekea wapi, kwa sababu Faki pia hajui." Mistari mitatu tu. Usijaze karatasi na muhtasari wa hadithi, hujaulizwa hadithi inahusu nini.

Suala ninaloulizwa sana, je hadithi inaweza kubadilisha nafsi katikati? Inaweza, sura hii anasimulia Faki, sura ya pili anasimulia bibi, au katikati inaingia barua. Taja zote mbili na useme zinabadilika wapi. Na je msimulizi wa nafsi ya kwanza lazima awe ndo mhusika mkuu? La, anaweza kuwa jirani tu anayeangalia kupitia dirishani, habari si yake lakini mimi ni yake, na bado ni nafsi ya kwanza.

Haya, kazi ya nyumbani, na hiki nimekifanya kigumu makusudi:

"Bandarini Mkoani abiria huteremka kwa kusukumana. Siku ile mzee mmoja alibaki nyuma, kakaa juu ya mzigo wake. 'Mie simuoni mwanangu,' alisema. Mizigo yote ilishapita. Mara alitokea mtoto wa kike anakimbia, alinipita bila ya salamu, akaenda akamshika yule mzee mkono."

Fuata hatua kama tulivyofanya, kata mtajo kwanza, halafu vitenzi. Ushahidi upo, tena umekaa ndani ya neno moja tu. Niandikieni hapo chini nafsi pamoja na neno lenyewe, asiyeweka neno simuhesabii, na mlioandika nafsi ya tatu rudini hatua ya pili, pale kwenye gunia.