Jinsi ya kurudisha mafunjo ufuoni, Dunga

Hamjambo. Hapa ni Dunga, Kisumu, na huu ufuo mnaouona ni matope matupu. Zamani ulikuwa mafunjo, togo kwa Kijaluo. Tunayarudisha.

Kwanza, jembe liache. Pita ofisi ya BMU, kikundi kinachosimamia ufuo, uonane na wavuvi, wenye ng'ombe na akina mama wanaosuka mikeka. Usipopatana na wenye ng'ombe, machipukizi yataliwa yote. Na waulize akina mama togo lilikuwa linafika wapi kabla ziwa halijafurika mwaka 2020. Watakapokuonyesha, hapo ndipo pa kupandia.

Vaa gambuti ndefu, maji haya yana kichocho. Alfajiri na jioni usiingie kabisa, kuna viboko.

Haya, tazama mkono wangu. Hatutumii mbegu. Chini ya matope kuna shina nene linalotambaa. Likate kwa panga, kipande cha kama dhiraa moja chenye machipukizi mawili au matatu. Chukua kidogo hapa, kidogo pale, usiache pengo. Mabua yaliyosimama juu yake yapunguze yafike magotini, upepo usije ukaking'oa. Funika kwa gunia bichi, upande siku hiyohiyo.

Panda mvua za Machi zikianza, maji yakiwa ya kifundo cha mguu. Laza kipande, chipukizi juu, kifukie kwa matope, kisha kibane kwa vijiti viwili. Ruka hatua moja, panda kingine.

Magugu maji, yale yaliyotoka Amerika Kusini, yatasukumwa na mawimbi hadi hapa. Yaopoe kila wiki, uyatupe mbali na maji.

Kuvuna ndiko kunakoharibu mafunjo mengi, kwa hiyo sikiliza vizuri. Kata bua lililokomaa tu, lenye kichwa kinachoanza kugeuka kahawia. Kata juu ya maji. Ukikatia chini, kisiki kinaoza. Moto usiuwashe, hata ukiambiwa unaharakisha machipukizi: humo ndani kambare na kamongo wanakuzia watoto wao, na kuna ndege wasioishi popote ila kwenye mafunjo. Ukishavuna sehemu moja ya ufuo, ipumzishe mwaka mzima, uhamie nyingine. Wanunuzi wa mikeka watakuharakisha. Waache wangoje.

Vipande vitakavyooza, vibadilishe mvua za Oktoba.