Kichupa cha Kioo Chini ya Mguu: Tumeijaribu Ovadraivu ya Vali Hapa Mtwara

MWALIMU: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunarekodi katika chumba cha nyuma cha duka la Fundi, hapa Chikongola, na mkisikia feni inaunguruma mtuvumilie, kwa maana kuizima katika joto hili ni kujikaanga. Shikamoo, Fundi.

FUNDI: Marahaba, Mwalimu. Feni si kitu. Mngurumo wa gitaa lako ndio utakaowasumbua.

MWALIMU: Mezani tunayo pedali ya gitaa la umeme, yaani kisanduku kinachobonyezwa kwa mguu ili kubadili sauti ya gitaa, ya aina ya ovadraivu, na ndani yake mna vali, yaani kile kichupa cha kioo ambacho wazee wetu walikiona katika redio za zamani. Ametuazima mpiga gitaa wa bendi moja ya hapa mjini, ambaye hajaamua kama aendelee kukaa nayo au aiuze. Kwenye boksi imeandikwa kuwa ni pedali ya tyubu, lakini ukilitamka neno hilo hapa mtaani atakayeitika ni fundi baiskeli, kwa hiyo sisi tutasema vali.

FUNDI: Na Waingereza nao wanasema hivyo hivyo, kwa sababu kazi yake ni ya mlango. John Ambrose Fleming aliitengeneza ya kwanza mwaka 1904, ikiwa na ncha mbili tu, na miaka michache baadaye Mmarekani Lee de Forest akaongeza waya wa tatu katikati, unaoitwa gridi. Ndani ya kichupa hakuna hewa. Kathodi ikipashwa moto inarusha elektroni, nazo zinakimbilia anodi iliyo upande wa pili, na gridi ndiyo inayoamua zipite ngapi. Wewe umewahi kufika kwenye mashamba ya chumvi?

MWALIMU: Nimefika.

FUNDI: Basi unaujua ule mlango wa maji. Mtu anaunyanyua kidogo tu kwa mkono mmoja, na maji yanayoingia ni mengi kuliko nguvu aliyoitumia. Umeme dhaifu unaotoka kwenye sumaku za gitaa lako ndio ule mkono, na sauti kubwa inayotoka kwenye anodi ndiyo yale maji. Ukiunyanyua kupita kiasi, maji hayawezi kuongezeka tena kwa sababu mfereji umeshajaa, na hapo ndipo vilele vya mawimbi ya sauti vinapolala. Kulala huko ndiko tunakokuita ovadraivu.

MWALIMU: Lakini diodi na transista, vile vipande vidogo vya elektroniki visivyo na kioo, navyo vinakata vilele. Ile pedali ya Ibanez inayoitwa Tube Screamer, ambayo labda ndiyo ovadraivu iliyoigwa kuliko zote duniani, haina vali hata moja ndani yake licha ya jina lake.

FUNDI: Haina kabisa. Ina saketi jumuishi na diodi, na bado wapiga gitaa wanaililia. Ndiyo maana niliposikia kuwa hii ina vali ya kweli, jambo la kwanza nililolifanya ni kuchukua bisibisi.

MWALIMU: Kabla ya bisibisi, tueleze habari ya umeme, maana nusura jaribio letu lisiwepo.

FUNDI: Pedali hii iliagizwa kutoka Marekani, ikaja na adapta yake ya volti 120. Mwenyewe akatafuta kiunganishi cha soketi, akaichomeka katika umeme wetu wa volti 230, na adapta ikatoa moshi kabla hajamaliza kufunga nyuzi za gitaa. Kwa bahati iliungua adapta peke yake. Akataka kuweka adapta ya ruta ya intaneti, kwa kuwa nayo ni ya volti 12 na plagi inaingia bila shida. Nikamwambia asithubutu. Adapta nyingi za ruta zina chanya katikati ya plagi, ilhali pedali nyingi za gitaa zinataka hasi katikati, na ziko pedali za vali ambazo hazitaki umeme wa moja kwa moja hata kidogo, zinataka umeme geu, ule unaobadili mwelekeo kila mara kama wa ukutani. Mtu asome alama iliyochorwa karibu na tundu, asitazame ukubwa wa plagi.

MWALIMU: Halafu kuna suala la betri, ambalo naulizwa mara kwa mara na vijana wa kwaya. Kwa nini pedali hii haina nafasi ya betri ya volti 9 kama pedali nyingine?

FUNDI: Kwa sababu ya tumbo lake. Vali iliyomo ni 12AX7, ambayo kule Ulaya inaitwa ECC83, na uzi wake wa kupashia joto peke yake unakula miliampea 150 kwa volti 12.6. Betri ndogo ingekufa kabla ya pambio la pili. Zile pedali za kawaida zinakula miliampea chache tu, ndiyo maana betri moja inadumu.

MWALIMU: Sasa tuje kwenye bisibisi.

FUNDI: Nilipoifungua, kitu cha kwanza nilichokiona ni taa ndogo ya rangi ya chungwa iliyofichwa nyuma ya kichupa. Mnunuzi akichungulia kwenye dirisha la pedali anadhani vali imepata moto na inafanya kazi kubwa, kumbe anatazama taa ya mapambo. Vali yenyewe inawaka kwa wekundu hafifu sana, ambao mchana wa Mtwara huwezi kuuona.

MWALIMU: Mimi nilicheka, lakini kusema kweli niliudhika pia.

FUNDI: Usiudhike mapema. Nilipima anodi nikakuta volti 12 kasoro. Katika ampu ya vali, yaani kile kikuza sauti cha gitaa, 12AX7 hupewa volti 200 na zaidi. Ukiinyima namna hii, vali inakuwa kama mtu aliyefunga bila kula daku: yupo kazini, lakini anachoka mapema. Sauti yake inabanwa, inajaa, na vilele vinalala hata kwa ishara ndogo. Sehemu kubwa ya ukali inatengenezwa na saketi jumuishi iliyotangulia, kisha vali inaongeza rangi. Si kwamba wanadanganya, ila si kila kitu unachokisikia kimetoka kwenye kioo.

MWALIMU: Zipo zinazofanya kinyume chake?

FUNDI: Zipo. Nyingine zina saketi ya kupandisha umeme ndani yake, ili anodi ipate volti mia mbili na ushei. Kwa hiyo msikilizaji asiniige kwa kufungua pedali asiyoijua. Umeme wa namna hiyo hukaa katika kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, hata baada ya kuchomoa waya, na haumwambii mtu samahani.

MWALIMU: Ukaitoa vali.

FUNDI: Nikaitoa, na sauti ikakatika papo hapo. Nilifurahi, kwa maana hilo lilinionyesha kuwa ishara ya gitaa inapita ndani ya kioo, haizungukii pembeni. Kisha nikaweka vali ya aina nyingine, 12AU7, iliyotoka kwenye mashine ya zamani. Miguu ni ile ile tisa na uzi wa joto unataka umeme ule ule, lakini uwezo wake wa kukuza ni kama moja ya tano ya 12AX7. Ukali ulipungua, na wewe ndiwe uliyesema ni nzuri zaidi.

MWALIMU: Nilisema hivyo na bado nasema. Sikilizeni kwanza hii ya 12AX7, kupitia ampu yangu ndogo ya transista yenye spika ya inchi 10. Geini, yaani kifundo cha ukali, nimeiweka saa tatu asubuhi, yaani mshale umelala kushoto.

[Gitaa: kodi mbili za taratibu, kisha mstari wa solo.]

MWALIMU: Na hii ni 12AU7, mshale ukiwa pale pale.

[Gitaa: mstari ule ule.]

MWALIMU: Katika hii ya pili, nikipiga uzi kwa upole sauti inabaki safi, na nikikaza mkono inaanza kuchubuka pembeni bila kupoteza noti. Vali moja hukata upande mmoja wa wimbi zaidi ya mwingine, na hiyo inazaa mwangwi wa noti ile ile oktavu moja juu, ambao sikio linausikia kama unene. Nikipunguza volyumu kwenye gitaa lenyewe, ukali unaondoka bila mimi kuigusa pedali kwa mguu. Kwa mpiga solo wa muziki wa dansi hilo ni jambo kubwa. Tukizisikiliza santuri za bendi za zamani za dansi, akina Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, tunasema gitaa lao lilikuwa safi, na kweli lilikuwa safi, lakini usafi wa enzi za ampu za vali si sawa na usafi wa miksa ya leo. Ulikuwa na nyama.

FUNDI: Hapo nakubaliana nawe. Pedali hii ikiwekwa chini kabisa inatoa ile nyama. Ikipandishwa hadi mwisho inatoa nyuki.

MWALIMU: Nyuki hao ndio walionifanya nikose usingizi, kwa sababu baada ya kuridhika hapa dukani niliibeba hadi kanisani. Kule hatuna ampu ya gitaa. Kama ilivyo katika kumbi nyingi za Mtwara na Lindi, gitaa linachomekwa moja kwa moja kwenye miksa na kutokea kwenye spika kubwa zile zile za waimbaji. Nikabonyeza pedali katikati ya pambio, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akageuka kunitazama kana kwamba nimemwaga mchanga ndani ya wali.

FUNDI: Hukuniambia habari ya huyo mama.

MWALIMU: Nilikuwa na aibu. Nieleze basi, kwa nini pedali iliyokuwa tamu hapa iliharibika kule, wakati gitaa, waya na mkono ni vile vile?

FUNDI: Kilichobadilika ni spika. Spika ya ampu ya gitaa si spika ya kila kitu. Ikishapita hetsi elfu tano hivi inaanza kukataa, na sauti za juu zaidi ya hapo haizitoi vizuri. Ovadraivu inazalisha takataka nyingi huko juu, na watengenezaji wanategemea kuwa spika itazichuja. Spika ya kanisani ina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, nayo kazi yake ni kutoa yale ambayo spika ya gitaa ingeyameza. Pedali haikuharibika. Ulimpelekea mlaji unga ambao haujachekechwa.

MWALIMU: Ndiyo maana nilipopunguza trebo kwenye miksa ilipata nafuu kidogo, lakini gitaa likawa kama limefunikwa blanketi.

FUNDI: Kifundo cha trebo kinapunguza eneo pana, ilhali spika inakata kama ukingo wa meza. Dawa iliyo rahisi kwako ni kuibeba ile ampu ndogo, uweke maikrofoni mbele ya spika yake, pembeni kidogo ya kitovu, na waya wa maikrofoni ndio uende kwenye miksa. Vipo pia vifaa vya kuiga spika, lakini vina bei yake.

MWALIMU: Nilifanya hivyo Jumapili iliyofuata, na yule mama hakugeuka. Nikaona kuwa fedha ambayo mtu angeiongeza ili apate pedali yenye vali badala ya yenye diodi, katika mazingira yetu ingefaa zaidi ikinunua ampu ndogo iliyotumika na maikrofoni moja. Kwaya yangu haitanunua pedali hii. Ila mwenye pedali ana ampu tayari.

FUNDI: Mwenyewe namshauri asiiuze. Aiache hiyo 12AU7 humo ndani, na kila baada ya miezi michache atoe vali, asafishe miguu yake na soketi, kwa sababu upepo wa chumvi wa hapa unakula chuma kimya kimya, na pedali itaanza kukwaruza kabla hajajua ugonjwa uko wapi. Tena azoee kuiwasha mapema. Uzi wa joto unahitaji kama nusu dakika kabla sauti haijakaa sawa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya wimbo na kurudi, solo inasubiri.

MWALIMU: Na adapta?

FUNDI: Nimemtengenezea ya volti 12, hasi katikati. Ile iliyoungua nimemfungia kwenye mfuko, akamwonyeshe aliyemuuzia kiunganishi cha soketi.