Skani Nzima Imeruka Flashi

Haya, wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Najua kuna walionisikia nikisema hili mara kadhaa, poleni, leo mtalisikia tena.

Kuna mama ana saiba huko River Road. Alinipigia analia, CV za wateja zote zimegeuka shotikati, watu wanamdai pesa ya kuprinti. Nikamuuliza, mama, hivyo ni virusi, unaskani kuvitafuta? Akaniambia, "Mwanangu, kila jioni kabla nifunge, skani nzima, na inanipa tiki ya kijani!" Na hakudanganya, tiki niliiona. Sasa sikieni: Defender, ile antivairasi ya Windows yenyewe, vile inakuja bila kuguswa, hiyo skani inayoitwa nzima huwa inaruka flashi. Imechomekwa, iko hapo, inarukwa! Mpaka ubofye flashi yenyewe kwa kitufe cha kulia uiambie ikague, ama ubadilishe setingi kwa PowerShell, ile ya kuandika amri. Na nani huko saiba anajua PowerShell?

Mtaniambia, si kuna ule ulinzi wa muda wote, inashika faili ikifunguliwa tu? Ipo, na ni nzuri, sibishani. Lakini huyo mama alikuwa amewekewa Office ya kukraki na fundi, na fundi mjanja hazimi antivairasi, anajua Windows itaiwasha tena yenyewe. Anaingia kwa orodha ya vitu visivyokaguliwa, anaandika diski C yote, na herufi ya flashi pia, analipwa anaenda zake. Orodha inabaki. Kwa hivyo mama alikuwa anaskani nini kila jioni? Hewa! Ndio maana ilikuwa inamaliza haraka hivyo, na yeye akifurahi eti mashine imekuwa na spidi.

Lingine, mwisho wa majina ya faili. Windows huficha, unaona risiti.pdf kumbe ni risiti.pdf.exe, yaani programu. Kirusi cha ILOVEYOU cha mwaka 2000 kilipitia hapo hapo, kikijifanya TXT, faili ya maandishi tu, na mpaka leo setingi ni ile ile, mimi hata nimechoka.

Kuna pia kinga ya mafolda dhidi ya ransomware, vile virusi vya kufunga faili zako vikidai pesa, inakuja imezimwa, iwasheni, itawasumbua kidogo kwa programu zingine... naona naonyeshwa saa. Sawa. Nani ana flashi hapo? Wewe wa shati jekundu, ilete, na usiifungue kwanza.